Punguza Wingi, Acha Ladha

Wasikilizaji wapendwa, leo sina mzaha. Sawa, ninao kidogo. Lakini hili ninalowaambia ni kweli tupu, nimelichunguza mwenyewe wiki nzima. Mtu tunayemkumbuka leo alipiga gita la umeme ndani ya nyumba yake kwa miaka kumi na mitatu. Amplifaya ilikuwa imefunguliwa hadi namba nane. Na mama mkwe wake, aliyekuwa chumba cha pili, ukuta mmoja tu katikati, hakusikia hata noti moja. Narudia: hata noti moja. Mimi mtangazaji wenu sibahatishi.

Ushahidi ninao hapa hapa studioni. Mama mkwe mwenyewe amekuja. Ana miaka tisini na mmoja, ana fimbo, ana pipi ya mnanaa mdomoni, na kiti tulichompa amekikataa akachukua cha kwangu. Bibi, hebu waambie wasikilizaji.

“Niwaambie nini?”

Kwamba hukusikia kitu.

“Nilisikia zote.”

Bibi.

“Nilisikia zote, mjukuu wangu. Hata alizokosea. Hizo ndizo nilizisikia vizuri zaidi.”

Basi. Kipindi hakijamaliza dakika mbili na uchunguzi wangu wa wiki nzima umekwenda na maji. Tuanze upya, safari hii kwa adabu.

Tunamkumbuka fundi. Watu walimwita Mzee Nane. Alitutoka wiki tatu zilizopita, akiwa na miaka sitini na saba. Alikuwa fundi wa pasi na majiko ya umeme. Alikuwa pia mpiga gita. Shikeni hayo mawili, pasi na gita, kwa maana bila pasi lile gita lingenyamaza mapema sana.

Jina la Nane halikutoka kwenye cheti cha kuzaliwa. Lilitoka kwenye amplifaya. Ujanani alipiga gita la pili katika bendi ya ukumbi mmoja wa dansi. Alikuwa na amplifaya ndogo ya zamani, ya kutumia taa, zile taa za kioo zilizokuwa kwenye redio za babu zetu. Ungeibeba kwa mkono mmoja kama ndoo ya maji. Usoni ilikuwa na kitufe cha kuzungusha, namba moja hadi kumi. Wapiga gita wenye heshima zao walianzia mbili. Yeye alizungusha moja kwa moja hadi nane, akaondoa mkono. Kiongozi wa bendi akasema shusha. Hakushusha. Akasema tena. Ndipo mpiga dramu, rafiki yake wa kufa na kuzikana, ambaye sote tunamwita Radi, alipoingilia kati: “Mwacheni Nane na nane yake.” Jina likakaa miaka arobaini.

Kwa nini nane, si tatu? Nilimpigia Radi simu nikamuuliza. Alinijibu kwa kupayuka, maana masikio yake aliyaacha kwenye dramu zamani. “Kijana! Ile kitu kwenye mbili imenuna! Kwenye tano inakusalimia! Kwenye nane inakukumbatia!”

Ndivyo zilivyo amplifaya za taa, wasikilizaji wapendwa. Hazipendi kazi nyepesi. Lazima zisukumwe hadi zitoke jasho. Zikishapata moto wa kazi, noti inanenepa, inavutika, halafu mwishoni inakwaruza kidogo kama koo la mtu aliyecheka sana jana. Ukirudisha kitufe nyuma, utamu wote huo unaondoka. Kinachobaki ni nyaya zinazogongwa. Tatizo lilikuwa moja tu. Kwenye nane, vikombe vya nyumba hiyo vilihama rafu.

Ukumbi wa dansi ukafungwa, bendi ikatawanyika. Nane akabaki na kibanda chake cha ufundi. Palikuwa na meza ndefu yenye alama za kuungua, pasi zimesimamishwa kwa visigino mstari mmoja kama wanajeshi wadogo, na majiko yaliyotolewa matumbo. Mchana alifufua pasi. Saa kumi na moja jioni alirudi nyumbani, akanawa mikono hadi kwenye viwiko, akapiga gita nusu saa. Mkewe ni mwalimu wa darasa la nne. Mtu aliyezoea watoto hamsini hatishwi na gita moja. Walielewana.

Kisha Bibi akahamia.

Alikuwa ameteleza bafuni kwake, nyonga ikavunjika, ikaungwa. Nyonga haikuwa tatizo kubwa. Tatizo kubwa lilikuwa kipandauso. Kilimshika upande mmoja wa kichwa, akawa hataki mwanga wala mlio wa kijiko kwenye sahani. Daktari alisema maneno machache: apate utulivu. Kelele kwake ni sumu.

Mwalimu alimsubiri mumewe jikoni, akafunga mlango. Maneno yao ninayo kama Mwalimu mwenyewe alivyonisimulia juzi.

“Mama yangu atakaa chumba kile.”

“Anakaribishwa. Ni mama yangu pia.”

“Siku kichwa kitakapompasuka kwa sababu ya amplifaya yako, mmoja atatoka humu ndani. Na mama yangu hatoki.”

Nane aligeuka akaitazama amplifaya. Ilikuwa kwenye kona, imetulia, haijui kwamba kesi yake imeshasomwa.

Hilo ndilo lililokuwa hatarini, wasikilizaji wapendwa, na nalisema wazi. Asingeweza kumtesa mama wa watu. Hilo halikuwa na mjadala moyoni mwake. Lakini ile nusu saa ya jioni ndiyo iliyomfanya avumilie pasi za watu. Alikuwa na miaka hamsini na minne, ukumbi umeshakufa, bendi imeshakufa. Akiizima na hiyo, atakuwa amebaki fundi pasi tu.

Akaanza kujaribu. Kwanza alishusha kitufe hadi mbili. Alipiga dakika tano, akaliweka gita chini kama mtu anayerudisha sahani yenye chakula kilichopoa. Jaribio la pili, alifunika spika kwa blanketi. Ikasikika kama mtu anayeomba msaada akiwa ndani ya gunia. La tatu, aliiingiza spika ndani ya kabati la nguo. Wingi ukapungua kweli, lakini kila alipogonga waya mnene, vifungo vya magauni yote ya Mwalimu vilicheza. Na gauni moja jeupe likatoka na vumbi la spika kifuani. Hapo jaribio la tatu likafutwa kwa amri.

Kila alipojaribu, Mwalimu alichungulia mlangoni na kusema neno lilelile.

“Punguza sauti.”

Jioni moja Nane akamjibu. “Ipi?”

“Ipi nini?”

“Sauti ipi?”

“Mume wangu, sauti ni sauti.”

“Siyo. Watu wakisema huyu mwimbaji ana sauti, wanamaanisha anapiga kelele?”

“Hapana.”

“Na ukiwaambia watoto wako darasani wapunguze sauti, unataka waimbe vibaya?”

“Wataimba vibaya hata wasipopunguza.”

“Sasa mimi nikipunguza sauti, sauti inaharibika. Neno moja, vitu viwili! Nifanyeje?”

Mwalimu alikuwa na madaftari arobaini na nane ya kusahihisha. Hakuwa na nafasi ya falsafa. Akasema, akiwa ameshageuza mgongo: “Basi punguza wingi, acha ladha. Wewe si fundi?”

Nane akasimama. “Sema tena.”

“Sisemi tena. Nina madaftari.”

Lakini alikuwa ameshasema. Punguza wingi, acha ladha. Nane alilala na maneno hayo, akaamka nayo, akaenda nayo kibandani. Na pale kibandani, akiwa ameshika pasi ya mteja iliyofunguliwa, akaiona koili yake, ule waya unaojikunja ndani ya tumbo la pasi. Kazi ya ule waya ni nini? Kumeza umeme na kutoa joto. Haupigi kelele. Unameza tu, unapata moto.

Akajiuliza: itakuwaje amplifaya ikipewa nafasi ya kufoka yote, kwenye nane, lakini kabla nguvu haijafika kwenye spika ikutane na kitu kinachoimeza? Taa zitafanya kazi hadi jasho. Ladha itakuwepo. Ila spika itapewa makombo.

Wataalamu wana jina lao la kifaa hicho. Nane alikiita Mshenga. Alisema mshenga mwenye akili hafikishi kila neno. Upande mmoja ukisema kwa hasira, yeye anafikisha maana, matusi anayabeba mwenyewe.

Mshenga wa kwanza nusura aue amplifaya. Nane alichukua koili nzima ya pasi, akaiunga katikati, akawasha. Dakika mbili pakaanza kunuka lami. Zile taa zikapepesa rangi ambayo hajawahi kuiona. Akachomoa waya ukutani kwa kuruka. Hapo akajifunza jambo ambalo aliwaonya watu hadi siku zake za mwisho, nami nalirudia kwa faida yenu mlio na vifaa hivyo nyumbani. Amplifaya ya taa inataka mzigo wake, uleule iliouzoea. Ukiipa mzigo usio wake, inaumia. Ukiiwasha bila spika wala mzigo wowote, inajiua. “Ni kama mtu amesukuma mlango kwa bega,” alikuwa akisema, “halafu wewe umeufungua ghafla. Ataangukia pua.”

Basi akachukua mita, akapima spika ya zamani. Mita ikasoma karibu na nane. Nane tena! Akacheka peke yake kibandani hadi mteja aliyekuja kuchukua birika akaghairi kuingia. Akakata koili ya jiko, ile nene, kipande kwa kipande, akapima, akakata, akapima, hadi mita ikakubali. Akaviunga vipande ndani ya bati la jiko dogo la sahani moja, lenye matundu ya kupumulia. Mbele akaweka kitufe cha kuzungusha, cha kuamua makombo yawe mengi au machache. Ukikitazama kile kisanduku ungedhani utapikiwa chai.

Kikafanya kazi. Wingi ukashuka hadi ukawa kama mazungumzo ya watu wawili mezani. Lakini ladha ilikuwa imekufa ganzi. Kila noti ilikuja imenyooka, imetii, haina uchangamfu. Nane akazunguka na tatizo hilo siku nne. Siku ya tano, akiwa anakula, akaweka kijiko chini.

“Nimejua. Spika ni mbishi.”

“Kula kwanza, spika baadaye,” Mwalimu akasema.

“Sikiliza. Spika inacheza mbele na nyuma. Amplifaya ikiisukuma, nayo inasukuma kidogo. Wanabishana. Sasa mimi nimeipa waya mtiifu, unakubali kila kitu. Ndiyo bwana, ndiyo bwana. Amplifaya imekosa mtu wa kubishana naye.”

“Imekosa mke.”

“Imekosa mke!”

Akaviringisha waya wa shaba kwenye kopo tupu la plastiki, mizunguko mamia, akauingiza ndani ya kisanduku ili Mshenga naye awe na ubishi kidogo. Akawasha. Akaweka nane. Akagusa waya mmoja wa gita. Noti ikanenepa, ikavutika, mwishoni ikakwaruza. Yote hiyo kwa wingi wa mtu anayevuta pumzi karibu yako. Mwalimu alichungulia mlangoni. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi hakusema lile neno. Alisema: “Mama hajaamka.” Akarudi kwenye madaftari yake.

Kwa miezi minne ikawa hivyo. Saa kumi na moja jioni, mikono hadi viwiko, nane kwenye amplifaya, makombo kwenye spika. Nane aligundua mengine madogo. Sikio likipewa kidogo, halisikii vizuri besi, basi aliongeza besi kidogo. Aliacha kusimama mbali. Alivuta kiti akakaa karibu na spika, akaiegemeza nyuma imtazame usoni. “Sauti ndogo haitembei,” alisema. “Usiisubiri ikufuate. Ifuate wewe.” Na kila alipomaliza, alikwenda kwa kunyata hadi mlango wa chumba cha pili, akatega sikio. Kimya. Akajisifu kwa Radi, akajisifu kwa wateja: mama mkwe hajasikia hata noti moja. Mnaona sasa kule nilikookota yale maneno yangu ya mwanzo. Nimerithi.

Sasa njooni kwenye Jumapili ya Radi.

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Radi alikuja kumwona rafiki yake, akataka kukiona hicho kisanduku kinachosifiwa. Nane alikuwa na gita begani na mikono yote miwili kazini. Amplifaya aliianzisha kwenye saba, kwa heshima ya Jumapili. Alitaka ifike nane. Akasema, bila kugeuka:

“Radi, niongezee sauti kidogo.”

Wasikilizaji wapendwa, Nane mwenyewe alishasema: neno moja, vitu viwili. Lakini Nane, pamoja na ujanja wake wote, alikuwa amebandika karatasi juu ya kitufe cha Mshenga, akaandika kwa penseli: SAUTI. Na kitufe cha amplifaya nacho kilikuwa na karatasi yake: SAUTI. Radi aliona kilichokuwa karibu. Radi hajawahi kuongeza kitu kidogo maishani mwake. Akazungusha hadi mwisho.

Nguvu yote iliyokuwa imemezwa miezi minne ikatoka kwa pamoja. Vioo vya dirisha viliitika. Sufuria mbili zilishuka rafuni bila kusaidiwa. Mwalimu, aliyekuwa mezani anasahihisha, alivuta mstari mwekundu kutoka ukurasa wa kushoto hadi wa kulia. Kuna mtoto mahali fulani hadi leo hajui alikosea nini.

Nane alibana nyaya kwa kiganja. Mwalimu aliinuka, akachomoa waya ukutani, akaukunja vizuri kama anavyokunja ramani ya darasani, akaishika amplifaya mkononi na kuelekea mlango wa nje. Nane hakumzuia. Alikuwa ameahidiwa, na ahadi imefika. Alishusha gita begani na kusimama katikati ya sebule, mikono haijui pa kukaa. Alikuwa akitega sikio upande wa chumba cha pili, akisubiri kilio.

Mlango wa chumba cha pili ukafunguka. Ikatangulia fimbo, akafuata Bibi.

“Nani kagusa?”

Radi, shujaa wa majukwaa yote, akanyoosha kidole kwa Nane.

“Nimeuliza nani kagusa. Sikuuliza nani ungependa apigwe.”

“Mimi, Mama,” Radi akasema.

“Rudisha pale pa kila siku.”

Watatu wakatazamana. Mwalimu alikuwa bado ameshika amplifaya mlangoni. Ndiye aliyethubutu kuuliza. “Mama, pale pa kila siku wapi?”

“Pale inapofika ukutani kwangu na kuishia hapo. Leo imepita imekwenda hadi kwa majirani. Majirani wana ya kwao.” Akamtazama binti yake kutoka juu hadi chini. “Na wewe umebeba nini?”

“Amplifaya, Mama.”

“Inaumwa?”

“Naitoa nje.”

“Kwa kosa gani? Aliyekosea ana miguu. Atatoka mwenyewe.”

Radi akatoka. Baada ya dakika kumi akarudi, kwa sababu alikuwa amesahau viatu.

Nane aliketi chini, sakafuni kabisa. Miezi minne alikuwa ananyata kama mwizi wa sukari, kumbe mwenye sukari yuko macho anahesabu vijiko. Aibu ilimpanda, na papo hapo furaha ikaja ikakaa juu yake. Kumbe alikuwa na msikilizaji. Tangu ukumbi ulipofungwa hakuwa na hata mmoja.

“Mama, kichwa?” akauliza.

“Leo kitaniuma, na atakayekanda ni yule kiziwi wa dramu. Siku nyingine hakiumi. Ile yako haigongi. Inapita tu.”

Hapo ndipo yakafumuka mengine. Bibi alikuwa ameomba kitanda chake kisogezwe hadi ukutani, akidai kuna upepo dirishani. Hapakuwa na upepo. Alikuwa amehamisha kulala kwake kwa mchana, akawa anaamka saa kumi na moja kasoro dakika tano, anachana nywele, anakaa. Bibi, ni kweli ulichana nywele?

“Unakwenda kusikiliza muziki kichwa kiko ovyo? Wewe ndio huchani, kwa sababu uko redioni.”

Tuendelee.

Siku iliyofuata Nane alibandua zile karatasi mbili. Kwenye kitufe cha amplifaya akaandika MIMI. Kwenye kitufe cha Mshenga akaandika MAMA. Tangu siku hiyo nyumba ile haikugombana tena juu ya neno sauti. Kichwa cha Bibi kikiwa kizito, Mwalimu alisema: “Leo Mama kidogo.” Kikiwa chepesi, Bibi mwenyewe aliita kutoka chumbani: “Niongezee Mama!” MIMI ilikaa nane palepale, haikuguswa.

Mwaka wa pili Bibi alihamia sebuleni wakati wa gita. Kiti chake kiliwekwa karibu na kisanduku, kwa sababu Mshenga akishameza nguvu zote zile anapata joto, na joto lile lilimfaa magotini. Nane alisema ndiyo amplifaya pekee duniani inayotibu nyonga. Daktari hakukubali, lakini pia hakukanusha kwa nguvu.

Habari zikaenea. Akaja mpiga gita wa kwaya anayekaa chumba kimoja na mtoto mchanga. Akaja dereva wa lori aliyepanga ghorofani. Akaja muuguzi anayelala mchana, na mumewe mpiga gita, kila mmoja akimshtaki mwenzake. Nane aliwatengenezea. Alitengeneza visanduku kumi na tisa, vyote kwa mkono, vyote kwa matumbo ya majiko yaliyokufa. Kabla hajagusa mita aliwauliza swali moja: “Unaishi na nani?” Wengi walianza kumweleza aina ya gita. Aliwakatiza. “Gita nitaliona. Nimeuliza, unaishi na nani?” Yule wa mtoto mchanga alimwekea koili zaidi, spika ipate makombo machache. Yule dereva aliyekuwa anaishi peke yake alimwambia: “Nitakuachia nafasi ya kuongeza. Huwezi kujua nani atahamia.” Dereva ana mke sasa na watoto wawili. Alipiga simu hapa jana kusema kitufe chake kimeshuka karibu na mwisho, na hajuti.

Mzee Nane alifariki kwa moyo, asubuhi, akiwa ameketi kibandani, pasi ya mteja mkononi. Mwalimu aliniambia: “Ile pasi ilikuwa imeshapona. Aliimaliza.” Alisema hivyo bila kulia, kama mwalimu anayetoa alama anayoona ni ya haki.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo hiki natoa pole kwa Mwalimu, mke wake wa miaka thelathini na minane. Pole kwa Radi, na kwa kuwa anasikiliza, narudia kwa nguvu: POLE, RADI! Pole kwa wateja wenye pasi, na kwa nyumba kumi na tisa zenye kisanduku chake. Na pole kwa Bibi, hapa kando yangu, aliyempoteza mkwe, na msanii wake wa kila jioni.

Nawaombeni tutafakari jambo moja. Kila nyumba ina mtu mwenye kitu kinachopiga kelele. Inaweza kuwa gita, inaweza kuwa cherehani, inaweza kuwa mdomo. Kabla hujamwambia akitupe, kaa naye mkitazame pamoja. Labda kuna wingi unaoweza kupungua na ladha ikabaki. Na wewe mwenye hicho kitu, usinune. Uliza unaishi na nani.

Sasa nitawaachia gita lenyewe lizungumze. Miezi miwili kabla hajatutoka nilikwenda kwake na kinasa sauti, alasiri moja, baada ya kula. Alipiga vipande sita. Nilikaa kwenye kochi, karibu na spika kama alivyofundisha, macho kwenye vidole vyake, na nilivisikiliza vyote sita, mwanzo hadi mwisho, bila kupepesa. Hiki ni kipande cha nne. Kwa nyuma mtasikia mkwaruzo fulani, unapanda na kushuka. Msiujali. Hiyo ni feni.

Sikilizeni.

“Feni gani?”

Bibi, tuko hewani. Gita linapigwa.

“Nasikia gita. Nauliza feni. Nyumba ile haina feni.”

Basi itakuwa jokofu, Bibi.

“Jokofu liko jikoni, na jokofu halimezi mate.”

Wasikilizaji wapendwa, fundi wetu wa mitambo nyuma ya kioo ameinamisha kichwa mezani na mabega yake yanatikisika. Naomba mwendelee kusikiliza gita.

“Ni wewe huyo. Usingizi ulikuchukua kwenye kipande cha pili, mdomo wazi, shingo imelala huku. Mimi nilikuwa kwenye kiti changu, nakuona. Mwanangu akakutazama, akaniuliza polepole, vidole havijasimama: ‘Mama, mgeni kalala. Nipunguze?’ Nikamwambia, ‘Usipunguze. Ataamka.’”